Radhi ya Mzee Yaishi

Sefrou, 3 Eluli 5692

Mwanangu Makhlufu,

Salamu nyingi. U mzima? Kifua kimepona, au upepo wa Mogador bado unakukohoza? Huku sote wazima. Zabibu zimeiva, na mguu wangu unauma palepale.

Mjomba wako Shelomo amerudi kutoka huko kununua vitambaa, akaniletea habari iliyonikosesha raha. Kwamba Sabato moja mwezi uliopita mzee Yaishi Knafo alikosea kusoma Torati, nawe, rabi uliyefika juzi tu, ukamwambia mbele ya sinagogi nzima: "Shuka, mzee. Hata kasuku wa sokoni angesoma vizuri kuliko wewe." Watu wakacheka. Mzee akashuka, na tangu hapo haji kwenye sala. Mtu aliyewaongoza katika sala tangu wewe hujazaliwa!

Niambie kwamba Shelomo ni mwongo.

Barua hii naandikiwa na Rahel, binti wa jirani. Anasema maneno yangu ni makali mno. Nimemwambia ayaandike yalivyo.

Mama yako, Freha


Mogador, 8 Eluli

Mama mpenzi,

Nabusu mkono wako. Kifua kimepona, alhamdulillahi kama wasemavyo majirani zetu. Ukande mguu kwa mafuta ya moto.

Mjomba si mwongo, ila hakumaliza. Kosa la Torati husahihishwa palepale, ndiyo sheria. Hilo la kasuku lilinitoka tu. Hata hivyo, kwa kuwa huu ni mwezi wa toba na Siku ya Upatanisho inakaribia, nimempelekea mzee mabonge mawili makubwa ya sukari na salamu zangu, kwa mkono wa bawabu wa sinagogi. Sukari imerudi kama ilivyokwenda. Sasa nifanye nini zaidi? Anayekataa ni yeye.

Mwanao, Makhlufu


Sefrou, 15 Eluli

Mwanangu,

Salamu. Mguu afadhali.

Kusahihisha ni sheria. Kasuku ni kiburi. Umeituma sukari ikakuombee radhi, wewe umebaki nyumbani, na sukari haikumtukana mtu. Mambo haya unayajua kuliko mimi: Siku ya Upatanisho husafisha kosa la mtu kwa Mungu wake, lakini kosa la mtu kwa mwenzake halisafishiki mpaka mwenzake aridhike. Uliwahi kulifundisha hilo hapa kwetu, ukiwa na ndevu mbili tatu, nami nikalia kwa fahari kule juu sinagogini wanakokaa wanawake.

Nenda mwenyewe. Miguu unayo, tena mizima.

Mama yako


Mogador, 20 Eluli

Mama mpenzi,

Nabusu mkono wako. Mimi mzima wa mwili.

Nilikwenda. Nilimkuta mzee uani, mkewe Ito akimimina chai. Hakukuwa na mtu mwingine, ila paka ukutani. Nikasema yote niliyojiandaa kuyasema. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu:

"Ulinivua nguo mbele ya mji mzima, rabi. Unakuja kunivisha mbele ya paka?"

Ito akageuza uso. Nadhani alikuwa anacheka.

Mama, amesema kweli, nami naogopa. Nikijishusha hadharani, nani atanisikiliza kesho nikikataza au nikiruhusu jambo? Na akinikatalia mbele yao? Nishauri.

Mwanao


Sefrou, 26 Eluli

Makhlufu wangu,

Salamu, leo kwa ufupi, Rahel ana unga mikononi.

Watu wa Mogador hawakukuita ukae juu yao. Aliyekaa chini haanguki. Nenda palipo na watu.

Mwaka Mpya unaingia. Uandikiwe mwaka mwema.

Mama


Mogador, 11 Tishri 5693

Mama yangu,

Nabusu mikono yako yote miwili. Mimi mzima, nimeshafungua saumu ya Upatanisho, na nina habari.

Barua yako ilifika baada ya Mwaka Mpya. Alhamisi nikachukua wanaume watatu, kama ilivyo desturi, tukaenda sokoni, ambako mzee huketi na wenzake karibu na wauza samaki. Soko lilikuwa limejaa. Nikavua kofia ya cheo, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza viungo:

"Mzee Yaishi, nilikuita kasuku mbele ya watu hawa. Kosa lako lilikuwa la herufi moja. Langu lilikuwa la moyo mzima. Nilitaka waone jinsi nilivyosoma, nikakukanyaga ili nionekane mrefu. Naomba radhi."

Muuza samaki mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Rabi analia." Ni kweli, nililia.

Mzee akasema, "Umechelewa. Nguo zangu nyeupe za kuongozea sala ya Upatanisho hazijafuliwa."

Ito, aliyekuwa akichagua samaki, akajibu bila kugeuka, "Nilishazifua juzi. Usimsumbue kijana."

Soko zima likaangua kicheko, mzee naye akacheka, akainuka akanishika kichwa na kukibusu. "Nimesamehe," akasema, na kama ilivyo desturi akalirudia mara tatu, kila mara kwa sauti ya juu zaidi, hadi wauza samaki wakaitikia.

Jumapili jua lilipozama, usiku wa Upatanisho ulipoingia, watu walijaa mpaka barabarani, hata wale wasiokanyaga sinagogi mwaka mzima. Mzee Yaishi alipanda jukwaani kuongoza sala, akiwa amevaa nyeupe tupu. Wazee wakaniashiria nikae kiti changu cha mbele. Nikaenda kusimama nyuma, mlangoni, kati ya wachukuzi wa bandarini. Akafungua kinywa, mama, na ile sauti niliyokuwa nimeinyamazisha ikatoka. Mchukuzi aliyesimama kando yangu akanishika mkono bila kujua mimi ni nani, tukaitikia pamoja kwa nguvu zetu zote.

Mwanao, Makhlufu