Pedali ya Pili

3 Machi

Binti yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini u mzima na macho yako hayajachoka na hizo lenzi unazokata mchana kutwa hapo karakana ya miwani. Sisi huku tunasukuma siku. Mama yako ameniamuru niandike kwamba hajambo, nami nimeandika.

Nimeona bora barua kuliko simu, maana mama yako huiweka simu sauti ya juu, na hapendi kusikia ugonjwa wake ukizungumzwa. Bado anakwenda hospitali kusafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa nne nzima kwenye mashine kila mara. Tunapanda mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, kwa sababu gari liko kwa fundi, kuna kifaa hakijapatikana. Teksi tulijaribu. Siku ya pili dereva hakutokea, mama yako akakosa zamu yake, miguu ikamvimba hadi akavaa viatu vyangu. Nesi mkuu ametuonya: tukikosa tena, zamu atapewa mgonjwa mwingine, na wanaosubiri ni wengi.

Nimechoka, mwanangu, ila usihangaike. Shuleni kwetu kwa udereva siku hizi nafundisha darasani tu, alama za barabarani na sheria. Wanafunzi bado wananiita Mwalimu Taratibu.

Baba yako


20 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, macho pia, mgongo ndio unalalamika. Mwambie mama nimemsikia kwenye simu Jumapili na sauti yake haikunidanganya.

Kifaa gani hicho? Niandikie jina lake na mwaka wa gari. Karibu na hapa kazini kuna duka la vipuri, nitapita Jumamosi nikununulie nikutumie. Miezi yote hii gari limekaa kwa fundi kama mgeni asiyejua kuaga! Mama hawezi mabasi manne kwa siku, baba. Wewe mwenyewe unamwona akitoka kwenye ile mashine.

Likizo yangu ni Desemba. Nimeomba ije mapema, wamekataa.

Mwanao


2 Aprili

Binti yangu,

Salamu. Sisi tunaendelea, tunashukuru. Usijisumbue na duka, kifaa kimepatikana. Ila fundi alipokifunga akakuta kingine nacho kimekufa. Jina lake limenitoka. Ni kitu kidogo tu cha ndani.

Mama yako anakula vizuri.

Baba yako


15 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hali yangu si nzuri, na sababu ni wewe.

Nimempigia fundi. Alicheka, akadhani namtania. Anasema gari alikuletea yeye mwenyewe mwezi wa kwanza, zima kabisa, na tangu hapo liko uani chini ya turubai. Hakuna kifaa. Hakuna kitu kidogo cha ndani. Mimi nilishamsumbua mwenye duka la vipuri Jumamosi mbili!

Ameniambia na jambo jingine. Ijumaa iliyopita alipita kituo cha basi akamkuta mama ameketi chini, kwenye ukingo wa barabara, kichwa magotini, na wewe umesimama unampepea kwa bahasha ya hospitali. Alitaka kuwapakia, ukamwambia basi linakuja.

Miaka ishirini na sita umefundisha nusu ya mji kuendesha. Gari unalo, leseni unayo, mke wako anakaa chini barabarani. Nieleze nielewe. Nimelia chooni kazini mpaka msimamizi akanigongea mlango. Nina hasira na wewe, na sijui niipeleke wapi.

Mwanao


18 Mei

Mwanangu,

Nakusalimu. Umesubiri mwezi mzima. Barua hii nimeianza mara nyingi, na kila mara nilifika kwenye salamu nikaishia hapo.

Ulichoambiwa ni kweli chote. Sasa nisikilize.

Novemba iliyopita nilikuwa na mwanafunzi, mama mmoja mpishi wa hoteli, mtu mzima, makini. Tukafika kwenye ule mzunguko mkubwa wa karibu na hospitali. Akatokea mtu wa baiskeli. Mpishi akataka breki, akakanyaga mafuta. Unajua gari langu lina pedali ya pili ya breki upande wa mwalimu, kwa ajili ya siku kama ile. Mguu wangu ulikuwa juu yake. Haukubonyeza. Nilimwona yule mtu, nikaona koti lake la bluu, nikawaza kabisa kwamba sasa nabonyeza, na mguu ukakaa tu, kama si wangu.

Alivunjika mfupa wa bega. Kapona, nimekwenda kwake mara nne, na kila mara ananiomba nisije tena kwa sababu namtia huzuni. Mpishi alikimbia shule. Mkurugenzi wa shule alisema ni ajali. Nami nilisema ni ajali. Nyumbani nilisema tumegonga ukuta, na hadi leo mama yako anajua ni ukuta.

Fundi alipolirudisha gari nilikaa kwenye usukani nilipeleke chini ya turubai, hatua kumi tu. Jasho jembamba likanitoka, kifua kikabana, vidole vikafa ganzi. Nilidhani nakufa. Nilimwomba fundi alisukume, nikasingizia mgongo. Tangu siku hiyo nikienda uani napita mbali nalo. Ningemwambiaje mtu? Mwalimu wa udereva anaogopa gari! Wangenicheka mpaka waumwe mbavu, na wana haki.

Kila mama yako anapopanda ngazi za basi namshika kiuno na kujiona mtu ovyo. Sina la kujitetea.

Baba yako


30 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Hasira imeisha. Iliyobaki ni ya zile barua za vifaa, na hiyo nitakudai Desemba.

Unakumbuka nilivyokuwa nakaa kiti cha nyuma baada ya shule, nafanya hesabu huku wewe unafundisha? Ulidhani sisikii. Kulikuwa na yule mshonaji aliyetetemeka mikono. Siku ya kwanza ulimwambia akae tu kwenye usukani, asiwashe. Siku ya pili pia. Akakuuliza kama unamwona mjinga. Ukamwambia, "Kichwa chako kimeshaelewa, dada. Tunausubiri mwili." Siku ya nne aliwasha. Baada ya mwezi akawa anakula kona hadi mimi nashika kiti.

Basi, mwalimu, leo wewe ndiye mshonaji. Toa turubai. Kaa dakika kumi, usiwashe. Kifua kikibana, usishuke. Ngoja kilegee, ndipo ushuke. Kesho yake tena. Taratibu ni jina lako, si langu.

Na mwambie mama. Amelala kitanda kimoja na wewe miaka thelathini. Unadhani hajui?

Mwanao


11 Juni

Binti yangu,

Salamu. Nimekaa. Siku ya kwanza dakika tatu, nikakimbilia bafuni. Siku ya tano dakika kumi na mbili. Nilitoka nimelowa kama niliyenyeshewa, lakini nilitoka kwa kutaka.

Siku ya sita mama yako alitoka ndani na kikombe chake, akafungua mlango wa upande wa pili, akaketi kwenye kiti changu, kile cha mwalimu. Nikamwambia kila kitu, mwenye baiskeli na yote. Akanisikiliza akinywa chai kidogo kidogo, maana daktari amempimia maji ya kunywa kwa siku. Akasema ukuta hakuuamini hata siku moja, kwa sababu ukuta haumfanyi mtu apige kelele usingizini. Alikuwa akinisubiri.

Kisha akaangalia chini, akauliza, "Hii ndiyo breki yenyewe?" Akauweka mguu wake uliovimba juu yake. "Haya, mwanafunzi. Washa gari. Mimi nipo."

Nimeliwasha. Hatukwenda popote.

Baba yako


2 Julai

Baba,

Shikamoo. Mbona kimya? Nikipiga simu mama anasema uko nje na anacheka. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao


15 Julai

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu. Nimechoka, lakini leo ni uchovu mzuri.

Nilinyamaza kwa sababu niliogopa kukupa habari njema halafu nikazirudisha. Tulianza kuzunguka mtaani asubuhi kabla watu hawajatoka. Halafu hadi kituo cha basi. Wiki ya tatu tukafika hospitali kwa njia za nyuma, dakika ishirini zaidi, ili kuukwepa ule mzunguko. Mama yako muda wote mguu wake ulikuwa kwenye pedali. Ni mwalimu mkali kuliko mimi. Mara mbili amebonyeza bila sababu, gari likazimika katikati ya barabara, nyuma wakapiga honi na matusi juu. Mara ya kwanza alisema ameona kuku. Ya pili alisema alikuwa anahakikisha kama inafanya kazi.

Usidhani nimepona. Kila usiku wa kuamkia safari silali vizuri, na asubuhi chai hainishuki. Ila mabasi tumeyaacha.

Jana, Jumatano, njia ya nyuma ilikuwa imechimbwa kwa ajili ya mabomba. Mtu wa bendera akatuelekeza barabara kuu. Kurudi nyumbani kungekuwa kukosa zamu. Nikasema, "Mama, tunapita kwenye mzunguko. Mguu uko tayari?" Hakujibu. Nikajua naye anaogopa. Nikaongea kwa ajili yetu sote wawili, namwambia sasa natazama kulia, sasa nasubiri, hao wa baiskeli wapite kwanza, wapite wote, sasa ndiyo naingia. Kifua kilibana pale pale nilipopategemea. Nikaendelea kuongea. Tukatoka upande wa pili.

Nilipoegesha hospitalini nikageuka kumshukuru. Alikuwa amelala fofofo, kichwa kwenye kioo, miguu yote miwili ameikunja juu ya kiti. Sijui alilala tangu wapi. Hakukuwa na mtu kwenye breki ile, mwanangu. Nilikuwa naendesha peke yangu.

Nilizima gari nikalia, kimya kimya, nisimwamshe. Tukachelewa dakika saba na nesi mkuu akanigombeza mbele ya wagonjwa wote. Nikamwambia ana haki.

Leo jioni nimemwambia mama yako kwamba kesho akae kiti cha nyuma, ajinyooshe, alale vizuri kwenda na kurudi. Akaniuliza, "Na breki je?"

Nikamwambia ninayo moja huku mbele.

Akamaliza chai yake. Kisha akaniomba nimtafutie mto.

Baba yako