Daktari Yusufu wa Stesheni

Mjukuu wangu Yusufu,

Bila mimi Tabora isingepata madaktari. Kila Yusufu aliyesoma akang'ara ni somo yangu, nawe niliyekupa jina umo. Huku Mtendeni hatujambo, bibi yako anakusalimu.

Umeuliza mbona nakwepa mahafali yako ya udaktari. Ujanani, profesa mmoja wa udaktari, Yusufu naye, alishuka stesheni ya hapa. Nikamkumbatia mbele ya watu: "Somo! Mimi pia daktari!" Akafurahi kweli, akanimwagia Kiingereza. Nikajibu, "Marahaba." Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka, alinishika mkono, akasema, "Tuendelee kwa Kiswahili, somo." Wema ule uliniumiza kuliko kile kicheko.

Nauli ninayo, mjukuu wangu. Naogopa tu walimu wako wasije wakanisemesha Kiingereza, ukaona haya kwamba jina lako lilitoka kwangu.

Babu yako mdogo,
Yusufu