Kwa Nashilu, Uliyefundisha Kando ya Banda la Ng'ombe

Mwaka mzima umetimia Jumanne hii, mwanangu Nashilu, tangu malaria ikuchukue, tukakupeleka kulala kwetu Oldonyo Sambu.

Ulipopunguzwa kazi kule kiwandani hukukaa ukalia. Ulikuja hapa Kijenge ukaniambia, "Baba, naomba uwanja wa banda la ng'ombe, nafungua chekechea." Nikasema haya, ila kinyesi utazoa mwenyewe. Ukazoa.

Mimi shule niliishia darasa la pili. Nilijua wanyama ni wa aina mbili, wa nyumbani na wa porini, basi. Wewe ulichora duara chini kwa majivu, ukawaambia watoto waweke humo wanaonyonyesha tu. Paka wakamwacha nje na kuku, eti kwa sababu wote wawili wanalala jikoni. Hukuwagombeza. Ulimgeuza paka tumbo juu, wakahesabu chuchu. Kuku naye ukamgeuza, wakatafuta mpaka wakachoka.

Halafu ile siku ya zamu ya mbuzi alikuja Kaanaeli, Mama Solomoni wa mitumba, mtoto mchanga yuko kwenye ziwa, mama mwenyewe amekasirika kweli. Na yeye ndiye aliyekuletea karibu watoto wote. Akimtoa Solomoni wake chekechea, na wengine wanaondoka.

"Mwalimu, nimeleta mtoto ajue Kiingereza, wewe unamfundisha matiti ya mbuzi!"

Solomoni akamvuta kanga mpaka ndani ya duara. "Mama, simama hapa na mbuzi. Si na wewe unanyonyesha?"

"Mimi? Na mbuzi?"

Ukaingia ukasimama naye. "Tumo wote humu, Mama Solomoni."

Mimi nilikuwa nimemshika mbuzi kamba humo humo duarani, watoto wakanigeukia: "Babu atoke! Babu hanyonyeshi!"

Ukawaambia, "Babu alinyonyeshwa na mama yake, na nywele anazo mpaka masikioni. Mwacheni." Mama Solomoni akacheka mpaka mtoto akaachia ziwa. Solomoni akabaki, na wenzake wakabaki.

Tulipokuzika tulifunga chekechea wiki mbili. Nilijua ndiyo imekwisha. Asubuhi moja Mama Solomoni akagonga: "Shikamoo, Babu. Watoto wako hapa nje. Jackline yuko wapi?" Basi mdogo wako Jackline ndiye mwalimu sasa. Kiingereza anakijua kukuzidi, usikasirike. Watoto ni ishirini na saba.

Ila juzi mmoja ameuliza nyangumi ananyonyesha vipi, na maji yote yale. Jackline akaniangalia mimi, mimi nikamwangalia yeye. Hakuna anayejua. Nikageukia nyumba, nikafungua mdomo kukuita.

Tunaokukumbuka ni mimi baba yako Lemburis, mama yako Namnyaki, Jackline, mwanao Lemomo, na watoto wote wa chekechea pamoja na mama zao.

Hatutakusahau hata siku moja, Nashilu.