Mama Ndani ya Sinema Yako

S.L.P. 218,
Kitengela.
9 Novemba 2003

Mpendwa kaka Masila,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Habari ya London na baridi yake? Kile kifua kilipona? Sisi tuko wazima, ila Baba ndiye amenifanya nishike kalamu.

Jumapili iliyopita sinema yako ilionyeshwa kwenye televisheni. Majirani walijaa hadi mlangoni. Jina lako lilipotokea, Mchungaji Wakhungu alipiga makofi, akawaambia watoto kwamba ulianza kwa kubeba nyaya za taa za Waingereza, ukashika kamera miaka mingi, na sasa wewe ndiye unawaongoza. Kaka, nilijivuna.

Halafu Mama akatokea.

Nilikuwa nimesahau. Mwaka ule wa 1996 mlipokuja kupiga picha Isinya, mwigizaji wenu aliugua. Ukamvalisha Mama koti la mwigizaji huyo, ukamwambia atembee kwenda mbali bila kugeuka. Tangu tumzike, nawe ukiwa kazini Scotland, Baba hajataka kuona hata picha yake ukutani. Sasa huyo hapo, anatembea, bega la kushoto limeinama vile vile. Baba akasimama.

"Mbeke," akamwita Mama. "Mbeke, rudi, mvua inakuja."

Mama akaendelea tu, mpaka nyasi zikammeza.

Kesho yake Baba hakuwa kitandani. Tulimtafuta sokoni, kanisani, hospitalini. Mume wangu Roy ndiye alimpata Isinya, pale pale mlipopigia picha. Siku hizi ni shamba la maua, pamezungushwa waya. Baba alikuwa ameushika kwa mikono miwili, vidole vinatoka damu. Alikuwa amemwuliza mlinzi kama kuna mama amepita na koti la kijivu. Mlinzi, kwa huruma, akamjibu, "Amepita, mzee. Ameenda upande ule."

Tangu hapo hatumwezi. Tukimwambia Mama alikufa, anatutazama kama watu wasio na adabu. Kila tukipakua chakula, anataka sahani ya Mama iwekwe. Na mimi mwenyewe, nisikufiche: juzi nikianua nguo nilisikia mtu akiburuta miguu nyuma ya nyumba, nikaitika, "Naam, Mama," kabla sijajizuia. Niliziacha nguo pale kwenye kamba.

Jana Baba alikula vizuri, kisha akaniambia kwa sauti tulivu, "Masila ndiye alimpeleka. Masila ndiye atamrudisha."

Nikakumbuka kitu. Siku ile, uliposema inatosha, Mama alirudi mwenyewe kutoka kule mbali, anacheka, viatu mkononi, akilalamika juu ya miiba. Nilikuwa nimesimama kando yako. Kamera ilikuwa bado inazunguka, na wewe hukuizima.

Kama hukukitupa kipande hicho cha filamu, kilete. Usikitume kwa posta. Njoo nacho wewe mwenyewe, Baba amwone akirudi, na akuone na wewe.

Roy anakusalimu sana, pamoja na Shangazi Nzula wa Nkoroi, na Katee wetu ambaye sasa amenipita urefu. Mungu aliyekutunza miaka hiyo yote ugenini akufungulie njia ya kuja nyumbani.

Ni mimi dadako, nikupendaye na kukungoja,

Phylis