Nani Atasimama Mbele ya Ubao

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Nimetamka kwa mazoea, najua hutaitikia. Tangu tukuzike hapa Mungaa alizeti zimeshavunwa, na vipindi vyako vyote vya Historia nimekabidhiwa mimi, uliyenifundisha tangu nikiwa Kidato cha Kwanza. Kiti chako cha ofisini amepewa mwalimu wa Hesabu. Anasinzia juu yake kama wewe tu.

Lakini sikuandikii kwa hayo. Nimeharibu jambo, na wa kumuuliza hayupo.

Ni lile igizo lako la Kidato cha Tatu. Badala ya kuwakaririsha watoto sababu za ubeberu, uliwageuza darasa zima kuwa watu wa London, enzi za malkia wao mzee. Huyu mwanasiasa, anaomba kura kwa kuahidi nchi za wenzake. Huyu muuza magazeti, anapiga kelele za ushindi. Yule anauza biskuti, na kopo lina picha ya askari wa koti jekundu. Waliobaki wako kwenye ukumbi wa burudani, wanapiga ndoo na kuimba wimbo wa kuwasifu wanajeshi wao waliokwenda kuwatia adabu washenzi. Kila mwaka kulikuwa na mbishi: "Mwalimu, huku kwetu si alianza Mjerumani?" Nawe ukamjibu, "Ugonjwa ulikuwa mmoja. Ubeberu haukuwa bunduki peke yake. Nyuma yake kulikuwa na watu wema tu, wanakunywa chai, wanapiga makofi."

Na wewe ulikuwa unasimama mbele ya ubao, umeshika fimbo, kimya. Wewe ndiye mshenzi anayeimbwa. Nakumbuka zamu yetu nilivyopiga ndoo kwa nguvu zote, mpaka nikakutazama usoni, nikaiweka ndoo chini. Ila nilipokuja kuwa mwalimu nikaona ile ni mbwembwe yako ya uzee, ya kupenda kuonekana.

Basi mwaka huu nikafanya yote isipokuwa hiyo. Nilikaa nyuma ya darasa, nimefurahi jinsi walivyochangamka. Mbele ya ubao hapakuwa na mtu. Mwanasiasa wetu alipofika kwenye "washenzi wasiojua hata kuvaa", akatafuta wa kumnyooshea kidole. Akamnyooshea Rehema, binti wa wale wafugaji waliohamia upande wa mbugani, yule mwenye bangili za shaba. Darasa zima likageuka. Wakamwimbia yeye. Walikuwa wanacheka, Mwalimu, kwa raha kabisa. Nikapiga makofi kuwanyamazisha, wakadhani nawashangilia, wakaongeza sauti.

Rehema hajarudi shule tangu siku hiyo. Pale bombani wale wadogo wa msingi nao wameudaka wimbo, wanawaimbia watoto wa wafugaji wakija kuchota maji. Mkuu wa shule ananitazama tu. Najiuliza kama nimewafundisha historia ya ubeberu, au nimewafundisha ubeberu wenyewe.

Jana nikafunga safari mpaka kwao. Mama yake alinipa maziwa ya mgando, ila hakutabasamu. Nikaeleza yote: Uingereza, malkia, nyimbo, makopo ya biskuti. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mwalimu, ya Wazungu nimeyaelewa. Sasa watoto wa hapa, walikuwa wanaimba ya nani?"

Nikatoka nje kumtafuta mwanawe. Rehema alikuwa zizini na ndama, hakugeuka hata nilipomwita. Nikaaga. Nimeshafika njiani mama yake ananiita: "Jumatatu namleta mwenyewe. Na mimi nitakaa humo ndani, niusikie huo wimbo."

Jumatatu ni keshokutwa. Walimu wenzangu wananishauri niseme naumwa. Naogopa watoto watacheka tena, mbele ya mama yake. Naogopa pia watatulia kwa kumwogopa mgeni, wasijifunze kitu, kisha wamalizie bombani. Zaidi ya yote naogopa mama yule atamshika mwanawe mkono waondoke, na Rehema shule iwe imeishia hapo. Wewe ungefanyaje? Kwa nini hukuniambia kwamba pale mbele lazima asimame mtu?

Pumzika, Mwalimu. Niache nikuahidi, nisije nikarudi nyuma. Igizo litarudiwa lote, na ndoo zake zote. Mbele ya ubao nitasimama mimi, na watakaoimba wataimba wakinitazama mimi machoni. Rehema nitampa kazi moja tu. Yeye ndiye atakayesema "basi". Akisema kwenye neno la kwanza, tutanyamaza kwenye neno la kwanza.

Wako,
Anjela