Krisanthemamu Ndefu za Mama

Jumamosi, 2 Machi

Tumemrudisha mama nyumbani. Daktari hakuzunguka mbuyu: ini limekwisha, mpeni anachotaka. Kaka alikwenda kukaa kwenye gari. Nikamuuliza mama anataka nini. Nilidhani atasema uji, au soda. Anataka maua, krisanthemamu! Zile ndefu za kumfika mtu kifuani, alizokuwa akipanda na baba. Zikae nje ya dirisha lake, azione zikichanua. Basi.

Jumanne, 5 Machi

Nimefunga saluni mapema, nimezunguka kwa wauza maua wote. Fupi tupu, za kwenye kopo. Mmoja alicheka mpaka akashika kiuno — dada, hizo za enzi za bibi yangu, zinalala kwa upepo, nani ana muda wa kuzifungia miti? Nikanunua fupi. Mama kaiangalia, kageukia ukutani.

Alhamisi, 14 Machi

Mke wa msoma mita za maji alikuja saluni kusuka. Nikamsimulia. Kumbe mumewe ameziona! Nyuma ya nyumba moja karibu na tangi la maji, nyeupe na zambarau, zimemzidi urefu.

Nikaweka kitana chini. Nyumba hiyo naijua, nimezaliwa mle. Wiki ileile tuliyomzika baba, baba mdogo alibadilisha kitasa. Tulikuta magodoro yetu nje, mvua inayapiga. Tangu siku hiyo mama hajalitaja jina lake.

Jumapili, 17 Machi

Nimekwenda. Kafungua baba mdogo mwenyewe — kazeeka, shati linamning'inia kama limetundikwa msumarini. Hakunijua. Nilipojitaja akashikilia geti.

"Mama yenu mzima?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia nilichofuata. Alikwenda nyuma, akapiga magoti, akachimba machipukizi kwa vidole, akayaviringisha kwenye gazeti lililoloweshwa. Sikusema asante. 

Jumatano, 20 Machi

Nimeyapanda chini ya dirisha. Mama aliomba jani, akalifikicha, akanusa. Umeyatoa wapi? Sokoni, nikasema. Akafumba macho.

Jumanne, 16 Aprili

Yameshika! Mama anasimamia kutoka kitandani. Acha shina moja moja. Toa vitoto vya pembeni. Halafu — "Mwanangu, hilo ni ua, unalifunga kama mbuzi!" Tulicheka sote wawili. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikaleta damu. Nimefua shuka mpaka jioni.

Alhamisi, 9 Mei

Mama hali chakula tena. Uji vijiko viwili, anageuza uso. Maua yamenipita kiuno. Yanapanda, yeye anashuka.

Vidukari weusi, wale wadudu wafyonza majani, wamejaa kwenye ncha. Nilikuwa nawaosha kwa maji ya sabuni aliposema, polepole, kupitia dirishani: "Sokoni hawauzi haya. Bado yu hai?"

Yu hai, mama.

"Ameyatunza." Akavuta pumzi. "Maua kayamwagilia maji. Wanangu kawatupa mvuani."

Nikaendelea kuosha majani. 

Ijumaa, 14 Juni

Kaka kajua. Msoma mita kamwambia, bila ubaya, wakiongea tu barabarani. Kaja amefura. Mama anakufa, wewe unakwenda kuombaomba kwa mwizi? Huna haya? Nikamwambia mama ndiye aliyeyataka. Hakusikia. Alishika shina la kwanza akaling'oa, mizizi na udongo wake. La pili. Nikamshika mkono, akanisukuma, nikaangukia miti ya kuyafungia maua.

Ndipo mama akapiga kelele. Sijui sauti aliitoa wapi. "Acha! Baba yako ndiye aliyeyapanda! Yeye kayakuta tu!"

Kaka alisimama na shina mkononi kama mtu aliyeamshwa. Jitu zima, ndevu zote zile — akalia. Tumeyarudishia ardhini pamoja. Mawili yamenyauka. Matatu yana matumba.

Jumapili, 23 Juni

Moja limefunguka. Jeupe, kubwa kama sahani. Nimemwinua mama kwa mito. Kaliangalia asubuhi yote. Miguu imevimba, ngozi imekuwa ya manjano. Hakulalamika.

Jumatano, 26 Juni

Naandika nimesimama jikoni, maji yanachemka. Baba mdogo yuko uani, kwenye benchi. Kaja kwa miguu — kasikia hali ya mama imekuwa mbaya. Hakuomba kuingia. Anaangalia ua lile, kofia iko magotini. Nimempigia kaka simu, kasema nakuja, akakata.

Nilimwambia mama kuna nani. Nilitegemea aseme afukuzwe.  Akaniambia nilete maji ya moto nimwoshe uso, na gauni la bluu, lenye mikono mirefu.

"Asione mikono yangu ilivyokonda."

Gari la kaka linaingia.