Neno la Siri la Nyumba ya Logan

Logan, 3 Machi

Dada Fusi,

Nakusalimu wewe na mama na watoto. Goti la mama linaendeleaje? Sisi tu wazima wa mwili. Mwanangu Pua kang'oka jino la mbele.

Utashangaa kupata karatasi. Nimempa mama Sela wa kanisani anayekuja huko nyumbani kisiwani, ameificha kwenye mkeka; nijibu kwa mkono wa watu wa kanisa. Kwa simu siwezi. Semisi, baba Pua, ndiye mwenye kisanduku cha intaneti, na kila tovuti ninayoifungua anaiona. Bando haninunulii. Ameweka kamera sebuleni, jikoni, mlangoni, hata chumbani kwa Pua, ndani ya saa ya ukutani. Nikikaa kitako dakika tano anapiga simu kutoka kazini: "Umechoka nini?"

Kuna kazi Cairns, mji wa mbali na hapa, hospitalini, na nyumba ya kuishi na mtoto. Fomu inajazwa mtandaoni tu, mwisho tarehe 30 Mei. Wewe unawafungia watu mitandao mjini kila siku. Nifundishe niushike huu wa hapa. Dada, nakosa hewa humu ndani.

Mdogo wako,
Lavinia

Kolovai, 19 Machi

Lavinia mdogo wangu,

Mama anakusalimu, goti linamsumbua akiambiwa afue tu. Barua yako nimeisoma chooni, nikalia, nikanawa uso, sasa nisikilize.

Kisanduku kina maneno ya siri mawili. Moja la kuingia mtandaoni, mnalolijua wote. La pili la kufungua mipangilio ya kisanduku chenyewe. Hilo wengi hawalibadilishi, limebandikwa chini yake tangu dukani. Anza na hilo. Kisha badilisha la mtandao. Kamera zake zitakatika zote. Hayo mapya yawe marefu, maneno manne au matano yasiyohusiana. Usiweke jina la Pua wala namba ya wimbo wa kitabu cha kanisa! Nusu ya Watonga wenzetu ninaowafungia mitandao hapa kisiwani wameweka wimbo uleule, naifungua kabla sijavua viatu.

Na yasifanane. Nasema tena kwa sababu nakujua ulivyo mvivu: yasifanane.

Dada yako,
Fusi

Logan, 8 Aprili

Dada,

Hamjambo huko? Nimefanya! Semisi alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Nilikosea mara mbili. Kamera zimezimika. Anadhani kampuni ina hitilafu, kila siku anawapigia kuwagombeza, nami namkaangia mayai. Fomu nimefika nusu.

Ila dada yake, Shangazi Kalo, anakuja kutoka Auckland kwa wiki saba. Atalala chumbani kwa Pua. Niombee.

Mdogo wako,
Lavinia

Logan, 21 Aprili

Dada Fusi,

Natumaini mko salama. Mimi si salama.

Jumapili tulikuwa tunakula lu, nyama yetu ile ya kufungwa kwenye majani, wageni wamejaa. Shangazi Kalo akasema, "Lavinia, hebu nipe neno la siri, nitazame mazishi ya binamu yetu." Watu wote wakanitazama. Ni dada mkubwa wa baba wa mtoto wangu, na kwetu dada wa baba hanyimwi kitu. Ningemwambiaje hapana? Nikamwandikia. Naye, bila ubaya wowote, akalisoma kwa sauti, neno baada ya neno, huku akicheka: "Mbona refu kama sala ya mchungaji!"

Semisi akaacha kutafuna.

Nilitumia neno moja kwa mtandao na kwa mipangilio ya kisanduku. Nitukane, nimestahili. Alifungua kisanduku, akaona nilikopita, akaiona hospitali ya Cairns. Simu amechukua. Kamera zote zinawaka tena. Mbele ya dada yake ananiita mpenzi. Sijui nitoke wapi.

Lavinia

Kolovai, 4 Mei

Lavinia,

Sikutukani. Hata mimi ningempa.

Lakini soma tena ulichoandika. Kamera zote zinawaka, na Shangazi Kalo analala chumbani kwa Pua. Semisi hajavuka mlango wa chumba cha dada yake tangu ana miaka kumi, kama kaka yeyote aliyelelewa kwetu. Na sasa anamtazama akivua nguo ya kanisani! Kwa kukuchunga wewe kamsahau yule anayemwogopa kuliko Mungu.

Usimwambie Shangazi kitu. Mwombe tu akusaidie kufuta vumbi kwenye ile saa ya chumbani kwa Pua.

Nasubiri. Mama hajui, anadhani naumwa tumbo.

Dada yako,
Fusi

Ujumbe wa simu, 28 Mei

Dada, ni mimi. Naandika kwa simu yangu, nimekaa jikoni, kitako.

Shangazi Kalo aliifuta ile saa, akaikuta kamera, akaishika muda mrefu. Alitandika mkeka barazani, akamwita Semisi. Semisi alikaa chini akiwa ameinamisha kichwa, jasho linamtoka. Kisha alizing'oa kamera mwenyewe, nyumba nzima, bisibisi inamponyoka. Simu yangu aliirudisha kwa mikono miwili. Jana amehamia kwa binamu yake. Dada yake ndiye aliyemfungia begi.

Leo Shangazi Kalo kaniambia niweke maneno mapya ya siri. Nikayaandika mawili, hayafanani, nikampelekea karatasi kama inavyopasa. Akageuzia uso ukutani.

"Usinionyeshe," akasema. "Na nikikuuliza siku yoyote, mbele ya mtu yeyote, ninyime."

Fomu imeenda. Msalimie mama, mwambie Pua ameota jino.

Mdogo wako,
Lavinia